Postpone, put off, push back au reschedule: uandike lipi miadi inapohama?

Ujumbe ulikuwa wa mstari mmoja: "Our Thursday call has been moved forward by two days." Nikausoma haraka, nikautafsiri kichwani: mazungumzo yetu ya Alhamisi yamesogezwa mbele siku mbili. Basi ni Jumamosi. Nilishangaa kidogo kwamba kuna watu wanafanya kazi Jumamosi, nikanyamaza. Jumanne asubuhi simu ikaita. Watu sita walikuwa wamekaa wananisubiri mimi.

Kila neno katika sentensi ile nilikuwa nalijua. Kilichoniponza ni Kiswahili changu mwenyewe. Kwetu, ukisogeza jambo mbele umelichelewesha. Tarehe ya mwisho ikisogezwa mbele, watu hushukuru kwa kuwa wameongezewa muda. Mwenye Kiingereza chake akisema "bring forward" ana maana jambo limewahishwa, limemkaribia. Akisema "push back", yaani ametaja nyuma, hapo ndipo amelipeleka mbali. Mbele yetu ni nyuma yao.

Tangu siku ile, ninapotaka kuhamisha miadi kwa Kiingereza siulizi neno lipi ni zuri. Nauliza lipi haliwezi kusomwa kinyume. Kama nawe hukwama hapo, kidole juu ya kitufe cha kutuma, hujui uandike "postpone" au "reschedule", ulinganisho huu ni wako.

Tunayapima kwa nini

Nimeyapandisha maneno manne kwenye mizani moja: "postpone", "put off", "push back" na "reschedule". Vigezo vyangu ni vinne pia.

Cha kwanza, na kwangu kizito kuliko vyote, ni mwelekeo: anayesoma atajua bila kuuliza kama siku imekuja karibu au imekwenda mbali? Cha pili ni uzito: neno limevaa suti au kandambili? Cha tatu ni ahadi iliyomo ndani yake: linamhakikishia mwenzako kwamba mtaonana siku nyingine, au linamwacha ananing'inia? Cha nne ni sarufi, maana yapo maneno ambayo unaijua maana yake vizuri kabisa, lakini ukikosea mpangilio sentensi inakwenda upogo.

Kuna jambo la kuondoa njiani kwanza. Unachokihamisha kinaitwaje? Kiswahili kina miadi na kina ahadi, na wengi wetu husema "nina ahadi na daktari". Ndiyo maana utakuta mtu kaandika "I have a promise with the doctor", na msomaji akabaki anajiuliza daktari kaahidiwa nini. Kwa daktari, wakili, kinyozi, ofisa wa benki, yeyote anayekutengea muda ili akuhudumie, neno ni "appointment". Mkikaa na wenzako mkajadili jambo, hiyo ni "meeting". Kwa marafiki, Kiingereza hupenda "plans": "I already have plans on Saturday." Neno "date" liachie wapenzi. Ukimwambia bosi "I have a date with the accountant", utakuwa umetangaza habari nyingine kabisa.

Postpone

*Mwelekeo.* Hauna utata hata chembe. Neno limetoka Kilatini: "post" ni baada, "ponere" ni kuweka. Ni kuweka baadaye, basi. Huwezi kulitumia kuleta siku karibu hata ulilazimishe. Ni pacha wa "kuahirisha", na kwa Mswahili hiyo ni nafuu kubwa, kwa sababu tafsiri ya kichwani na maana halisi zinakwenda njia moja.

*Uzito.* Limevaa suti. Mechi, mtihani, kesi, uzinduzi, harusi ya watu mia tatu: hivyo vyote vikiahirishwa huwa "postponed". Ukimwandikia rafiki "I must postpone our walk" hujakosea kitu, ila sentensi inasikika kama tangazo lililogongwa muhuri.

*Ahadi.* Nusu nusu. Linasema jambo litafanyika, halisemi lini. Ndiyo sababu mara nyingi huja na mkia: "postponed until further notice", yaani mpaka mtakapotangaziwa tena, au "postponed indefinitely", ambayo mara nyingi ni namna ya kistaarabu ya kusema jambo limezikwa. Ukiandika "postpone" peke yake bila siku mpya, mwenzako ana haki ya kuingiwa na wasiwasi.

*Sarufi.* Siku mpya huingia kwa "until" au "to": "postponed until Monday", "postponed to 16 May". Kiasi cha muda huingia kwa "by" au "for": "postponed by two weeks", "postponed for a week". Hapa ndipo tunapoteleza, kwa sababu tunataka kusema "postponed for Monday", ilhali "for" katika kitenzi hiki hupima urefu wa muda na haitaji siku. Na kitenzi kingine kikifuata, kinavaa -ing: "We postponed signing the contract."

Usilichanganye na "delay". Mkutano uliokuwa uanze saa nne ukaanza saa nne na nusu kwa sababu mwenyekiti kakwama njiani umekuwa "delayed": umechelewa. Mkutano ambao watu wameamua ufanyike wiki ijayo umekuwa "postponed": umeahirishwa. La kwanza limewapata, la pili wameliamua.

Linamfaa anayetangazia watu wengi kwa pamoja, na anayeandika barua itakayohifadhiwa kwenye faili.

Put off

*Mwelekeo.* Salama. Ni baadaye tu, kama "postpone". Hata methali yao ya kuhimiza kazi inalitumia: "Never put off till tomorrow what you can do today." Nasi tunayo yetu, linalowezekana leo lisingoje kesho, na ukiziweka bega kwa bega utaona "put off" limekaa palepale panapokaa uvivu.

*Uzito.* Kandambili, tena zilizolika kisigino. Ni neno la mazungumzo. Lakini kinachonifanya nilishike kwa tahadhari ni harufu yake. "I keep putting off the dentist" ni sentensi ya mtu anayemwogopa daktari wa meno na anajua fika kwamba anamkwepa. Harufu hiyo ya kukwepa haitoki kirahisi. Ukimwandikia mtu aliyekungoja wiki mbili "I had to put off our meeting", atakuelewa, ila huenda akahisi hukuwa na hamu naye.

Kuna zaidi. "Put off" ikimshika mtu badala ya jambo, hubadilika rangi. "They keep putting me off" ni kupigwa danadana: njoo kesho, njoo Jumatatu, mhusika hayupo. Na "the smell put me off" ni kukatwa hamu. Kwa hiyo "I put him off" inaweza kuwa umeahirisha kuonana naye, umempiga danadana, au umemchefua. Sentensi moja fupi, kesi tatu.

*Ahadi.* Dhaifu kuliko yote manne. Linasema si sasa, likaishia hapo.

*Sarufi.* Kiwakilishi hukaa katikati, hakuna mjadala: "put it off", kamwe si "put off it". Jina kamili linaweza kukaa popote, "put off the meeting" au "put the meeting off". Nalo pia hudai -ing: "She put off calling him."

Linamfaa anayejisema mwenyewe, anayesimulia yaliyopita, na marafiki ambao hawachunguzani maneno.

Push back

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo penye shimo.

*Mwelekeo.* Kwa wengi wanaolitumia, "push the meeting back" ni kuupeleka baadaye. Shida ni kwamba picha iliyo ndani ya neno ni ya kusukuma nyuma, na Mswahili akisikia tarehe imerudishwa nyuma anaelewa imewahishwa. Kikao cha tarehe 14 kikirudishwa nyuma siku mbili, kwetu ni tarehe 12. Kikiwa "pushed back two days", kwao ni tarehe 16. Tofauti ni siku nne, na kila mmoja ana uhakika wake.

Usidhani ni sisi tu tunaochanganyikiwa. Wenye Kiingereza chao wana tatizo la namna hiyohiyo kwenye "forward". Watafiti wa saikolojia wamewauliza swali hili mara nyingi: mkutano wa Jumatano ijayo umekuwa "moved forward two days", je, utafanyika lini? Wengine hujibu Jumatatu, wengine Ijumaa, na pakiwa hapana cha kuwaelekeza hugawanyika karibu nusu kwa nusu. Lera Boroditsky na Michael Ramscar walichapisha mwaka 2002 utafiti ambao, pamoja na mengine, uliwauliza watu uwanja wa ndege. Waliokuwa wametoka kusafiri walielekea zaidi kusema Ijumaa kuliko waliokuja kumpokea mtu. Anayejiona yeye ndiye anayesonga kuuelekea wakati husema Ijumaa. Anayejiona amesimama, wakati ukimjia, husema Jumatatu. Watu wa lugha moja, siku moja, jengo moja.

Kwa hiyo "move forward" nimelifuta kabisa katika kuandika kwangu. "Push back" nimelibakiza kwa masharti: lazima siku mpya iwe kwenye sentensi hiyohiyo.

*Uzito.* Shati bila tai. Ni neno la ofisini, la watu wanaofahamiana, la kikao kinachosogea nusu saa. "Can we push back to 3?" Mara nyingine hukatwa likabaki "push" tupu: "Let's push to Thursday." Nayo ni baadaye.

*Ahadi.* Nzuri. Anayesema "push back" kwa kawaida ana siku au saa mpya mkononi, na mara nyingi mwendo ni mfupi. Halibebi hofu ya "postponed".

*Sarufi.* "Push it back", kiwakilishi katikati kama lile lililotangulia. "By" kwa kiasi, "to" kwa siku mpya. Jihadhari na "on". "We pushed back the date" ni tumeichelewesha tarehe. "We pushed back on the date" ni tumeipinga, tumeigomea. Herufi mbili tu, na bosi anadhani umeanza ukorofi.

Linamfaa aliye kwenye timu inayozoeana, na ambaye hasahau kutaja siku.

Reschedule

*Mwelekeo.* Halina. Hilo ndilo jambo la kwanza kulijua juu yake, na wengi hawalijui. "Reschedule" ni kupanga upya, basi. Siku mpya inaweza kuwa kabla au baada. Anayelichukulia kama kaka mkubwa wa "postpone" amekosea. Ukosefu huu wa mwelekeo unaweza kuwa kasoro au ngao, kutegemea unavyolitumia. Bila siku, halisemi kitu. Ukiweka siku, haliwezi kusomwa kinyume kwa sababu hakuna mbele wala nyuma ndani yake.

*Uzito.* La kati na kati. Linakaa vizuri kwenye barua pepe ya kliniki, kwenye ujumbe kwa mteja, hata kwa mtu mnayeheshimiana lakini hamjazoeana. Halina ubaridi wa "postpone" wala uzembe wa "put off".

*Ahadi.* Kubwa kuliko yote manne. Anayesema "I need to reschedule" anasema bado nataka kukuona. Ukilazimika kuvuruga siku ya mtu, neno hili linapoza.

*Sarufi.* "Rescheduled for Thursday" au "rescheduled to Thursday", zote zinakubalika. Ona kwamba "for" hapa hutaja siku, kinyume na ilivyo kwenye "postpone". Kwa ulimi, Mwingereza wa kizamani hutamka mwanzo wa "schedule" kwa sh, Mmarekani kwa sk. Chagua moja, ukae nayo.

Linamfaa anayemwandikia asiyemjua vizuri, na anayeomba yeye kubadilishiwa.

Miadi moja, jumbe nne

Tuseme mlikuwa mkutane Jumanne tarehe 14 Mei, unataka iwe Alhamisi tarehe 16, saa nane mchana.

"I'm afraid I have to postpone our meeting on Tuesday 14 May. Would Thursday 16 May at 2 p.m. suit you?"

"So sorry, can we put Tuesday off till Thursday? 2 p.m.?"

"Could we push Tuesday's meeting back to Thursday 16 May, 2 p.m.?"

"I need to reschedule our meeting on Tuesday 14 May. Are you available on Thursday 16 May at 2 p.m.?"

Zote nne zinafika. Sasa ifunike siku mpya kwa kidole, usome tena. Kwenye ya kwanza mwenzako bado anajua ni baadaye, hajui lini. Ya pili inamwachia swali kama unamtaka kweli. Ya tatu, akiwa ni Mswahili mwenzako, huenda akadhani umekiwahisha kikao. Ya nne haimwambii chochote isipokuwa kwamba unataka muonane. Jaribio hili la kidole nalifanya kila mara kabla ya kutuma.

Mambo mawili madogo kwenye mifano hiyo. "I'm afraid" haimaanishi unaogopa. Ni namna yao ya kusema kwa masikitiko. Na "suit you" ina ladha ya Uingereza, wakati "does Thursday work for you?" ilishika zaidi Marekani ingawa siku hizi iko kila mahali. Pia utasikia "Can you make Thursday?" Hapo hakuna kinachotengenezwa. Unaulizwa kama utaweza kufika. Jibu la kukataa ni "I can't make it."

Siku ikija karibu

Kiswahili kina neno zuri hapa na hatulitumii vya kutosha: kuwahisha. Kikao kimewahishwa. Hakuna mbele, hakuna nyuma, hakuna wa kupotea.

Kiingereza hakina bahati hiyo. Uingereza husema "bring forward", na hili, tofauti na "move forward", maana yake imetulia: ni mapema. Wamarekani husema "move up". India wana lao, "prepone", ambalo ni "postpone" iliyogeuzwa. Ni neno lenye mantiki kuliko yote, na ningelipenda lienee, ila nje ya huko wapo watakaodhani umekosea. Kama huna uhakika na masikio ya mwenzako, acha vitenzi hivyo vyote useme wazi: "Could we meet earlier, on Monday 13 May instead?" Neno "earlier" halina mtu wa kulisoma vibaya.

Ikivunjika kabisa

"Cancel" ni kufuta, na linafaa karibu kila mahali. Uingereza huandika "cancelled" kwa l mbili, Marekani hupenda "canceled", lakini "cancellation" ina mbili kote. "Call off" ni la shughuli yenye watu wengi: mgomo, harusi, msako wa aliyepotea. Miadi yako ya peke yako na daktari ni "cancel".

Halafu kuna "rain check". Limetoka kwenye besiboli ya Marekani ya karne ya 19, ambapo mchezo ukiharibiwa na mvua mtazamaji hupewa tiketi ya kurudi siku nyingine. "Can I take a rain check?" ni kusema leo hapana, niite tena. Kwa mwaliko wa rafiki ni tamu. Kwa miadi ya hospitali ni utani.

Saa, tarehe na mitego mingine

Unaweza kuchagua kitenzi kwa umakini wote ukaangushwa na saa. Saa nane mchana ni 2 p.m., na mtu mwenye haraka huandika 8. Mimi huandika kwanza kwa Kiswahili pembeni, naongeza au napunguza sita, ndipo natuma. Wala sioni haya. Mwingereza akikuambia "half ten" ana maana 10:30, yaani saa nne na nusu. Mjerumani akiitafsiri kwa lugha yake, nusu ya kumi kwake ni saa tatu na nusu, kwa hiyo hata huko si salama.

Tarehe 03/04 ni 3 Aprili kwa Mwingereza na 4 Machi kwa Mmarekani. Andika jina la mwezi. "Next Friday", ikisemwa siku ya Jumatano, kwa wengine ni keshokutwa na kwa wengine ni siku tisa mbele. Ijumaa ijayo yetu nayo ina ugonjwa huohuo.

Na "mpaka" yetu inatuponza. "Nijibu mpaka Ijumaa" hugeuka "reply until Friday", kana kwamba mtu aketi anajibu mfululizo hadi Ijumaa. Kikomo cha kufanya jambo ni "by": "Please reply by Friday." Hali inayoendelea hadi siku fulani ndiyo "until": "I'm away until Friday."

Uandike lipi

Unamwandikia mtu usiyemjua vizuri, na wewe ndiye unayeomba kubadilishiwa: "reschedule", na siku mbili za kuchagua ndani ya ujumbe huohuo ili asipate kazi ya kukuuliza.

Wewe ndiye mwenye shughuli na unatangazia umati: "postpone", pamoja na "until" na tarehe. Kama tarehe huna, sema lini utaitangaza.

Rafiki: "put off" halina shida, lakini sentensi nyepesi kuliko zote haina kitenzi hata kimoja kati ya hivi. "Can we do Thursday instead?" Mimi hutumia hii.

Timu mnayozoeana, kikao kinasogea saa moja tu: "push back", saa mpya ikiwa imetajwa.

Timu yenye watu wa lugha tatu nne tofauti: usitaje "back" wala "forward" kabisa. Tumia "move" pamoja na "from" na "to", kama "I've moved our meeting from Tuesday 14 May to Thursday 16 May." Haina urembo, lakini hata anayesoma akisinzia atafika siku sahihi.

Unachelewa dakika kumi: hiyo si kuhamisha miadi. "I'm running ten minutes late" inatosha, na haisemi kwamba unakimbia.

Kuna dharura na siku mpya huijui bado: "Something has come up and I can't make Tuesday. I'll send you a new date by Friday." Huhitaji kueleza dharura yenyewe. "Something has come up" ipo ili usiulizwe.

Wewe ndiye umepokea ujumbe wenye "moved forward" au "pushed back" bila siku: usitafsiri, uliza. Kama kikao kilikuwa Alhamisi tarehe 16 na kimehama siku mbili: "Just to check, is that Tuesday 14 or Saturday 18?" Hakuna atakayekuona hujui Kiingereza. Huenda aliyeuandika ujumbe huo atalazimika kufungua kalenda yake kwanza ndipo akujibu.